Wamemtoa Drífa Mchezoni

Asubuhi ile Steinar alipoyasifu maji, Drífa alijua kwamba mambo yake yameharibika kweli.

Steinar hakuwa mtu wa kusifu maji. Alikuwa mzee wa kondoo, mwenye masikio mekundu na sauti ya kuita mifugo mlimani, na tangu bwawa la Kaldavík lijengwe alikuwa akija kabla kijiji hakijaamka, giza likiwa bado limeifunika ghuba, kuingia kwenye chungu. Chungu ndivyo walivyoliita lile bwawa dogo la mviringo, pembeni mwa bwawa kubwa, ambamo wazee huketi hadi shingoni ndani ya maji moto yatokayo ardhini na kupanga maisha ya watu wengine. Drífa ndiye aliyekuwa mtunza bwawa. Alifungua, akapima maji, akatia dawa, akawaletea kahawa, na kwa miaka yote hiyo Steinar alimpokea kwa maneno yale yale.

"We Drífa, leo unatupika au unatuvundika?"

Maji yakiwa moto, alisema amegeuzwa mchuzi. Yakipoa kidogo, aliuliza kama ardhi imegoma kufanya kazi. Drífa alimjibu kwamba nyama ya mzee haiivi haraka, avumilie. Na siku ikaanza.

Lakini sasa Steinar alimtazama kwa macho ya upole, mvuke ukimzunguka kichwa, akasema, "Maji mazuri sana leo, Drífa. Asante sana." Na wenzake ndani ya chungu wakatikisa vichwa taratibu, kama watu waliokaa msibani.

Drífa aliweka chupa ya kahawa ukingoni. Akaenda kufuta sakafu aliyokuwa ameshaifuta.

Ilikuwa katikati ya Januari. Krismasi ilikwisha, moto mkubwa wa kuiaga ukawashwa ufukweni na kuzimika, trekta likapita kukusanya miti, na taa za madirishani zikaanza kutolewa nyumba baada ya nyumba mpaka kijiji kikabaki na rangi ya majivu. Majuma hayo kila mtu Kaldavík alikuwa mzito. Watu walimeza mafuta ya samaki kwa kijiko, wakagombana na wenza wao juu ya mambo ya mwaka juzi, wakalala mapema, na kuingojea karamu ya Thorri, mwezi wa katikati ya baridi. Huo ulikuwa uzito wa kawaida, wa kulalamikia dukani. Uzito wa Drífa haukuwa wa dukani. Ulikuwa kama sweta la sufu lililoloa maji, ambalo mtu amelivaa chini ya ngozi.

Mwaka uliopita ulimshinda. Karamu ya Thorri ilipokwisha, na hapakuwa tena na cha kungojea, Drífa alilala. Hakulia, wala hakuumwa kichwa. Asubuhi ya kwanza alijiambia kwamba atalifungua bwawa mchana. Mchana akajiambia kesho. Halafu akaacha kujiambia. Simu iliita, ikachoka. Theluji ililifunika gari lake, kisha ikaufunika mlango. Bwawa likabaki limefungwa, na wazee wa chungu, ambao hawakuwa wameoga nyumbani tangu ujana wao, wakakataa kuanza uzeeni. Wakawa wananuka. Ilisemekana kondoo wa Steinar walikimbilia upande wa pili wa zizi alipowaletea majani. Mchungaji wa kanisa, mama mwenye pua nyepesi, alifupisha mahubiri ya Jumapili yakawa kama tangazo la redioni.

Mwishowe kikosi cha uokoaji kilikwenda. Walikuwa wanakijiji wa kujitolea, watu wale wale wanaoshusha kondoo waliokwama majabalini na kuokoa wageni kwenye barafu. Wakavaa ovaroli zao nyekundu, wakabeba kamba, sepeto na machela, na mlango ulipokataa, wakavunja dirisha. Hjalti, kiongozi wao, fundi umeme mwenye ndevu za kutosha watu wawili, aliingia wa kwanza. Akasimama katikati ya chumba cha kulala na mabuti yake yaliyojaa theluji, tochi mkononi. Drífa alikuwa chini ya blanketi, redio ikimsomea hali ya hewa ya baharini. Alifumbua jicho moja. Akayatazama yale mabuti juu ya zulia la mama yake.

"Vueni viatu," akasema.

Baadaye daktari wa wilaya alimpa vidonge, taa nyeupe ya kukaa mbele yake kila asubuhi, na amri ya kutoka nje kila siku hata kama ni kufika tu kwenye sanduku la barua na kurudi. Drífa alifuata yote. Kufikia majira ya kondoo kuzaa, theluji ikiyeyuka, alikuwa amesharudi kazini na kucheka. Watu walitafuta sababu. Wakauliza kama kuna mwanamume aliyemwacha, kama kuna aliyefariki. Hapakuwa na sababu. Kulikuwa na Februari.

Na tangu hapo hakuna aliyetaja jambo lile mbele yake. Maneno kama yale, "vueni viatu", yangesemwa na mtu mwingine yeyote yangekuwa wimbo wa kijiji kabla jua halijatua. Kwa Drífa, waliyafukia. Wakamletea keki badala yake.

*

Oddný alikuja na keki Jumanne, jioni ya mapema, giza likiwa limeshaingia. Alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, mke wa Hjalti, na rafiki wa Drífa tangu walipokaa dawati moja na kung'atiana penseli. Alivua viatu mlangoni, akaisogeza ile taa ya daktari pembeni, akaweka keki mezani.

"Unakula lakini?" akauliza.

"Nakula keki," Drífa akasema. "Sina namna."

Oddný alicheka kicheko kidogo, cha kuazima. Kisha akakaa, akavivuta vidole vyake kimoja kimoja kama afanyavyo anapotaka kusema jambo.

"Shoga, nimekuja kukutoa wasiwasi. Unajua mwaka huu mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya karamu."

"Najua. Umekonda."

"Nilitaka usikie kutoka kwangu. Kuhusu mchezo. Tumekubaliana wote, hakuna aliyepinga. Wewe tumekutoa."

Drífa hakuelewa mara moja. "Mmenitoa wapi?"

"Kwenye mchezo. Hatutagusa mambo yako. Hata lile la bwawa kufungwa hatulitaji, maana mtu atauliza kwa nini lilifungwa. Kwa hiyo njoo ukae, ule, ufurahi. Hakuna atakayekusema." Akaushika mkono wa Drífa. "Hata kidogo."

Drífa aliutazama ule mkono. Akasema asante. Akasema keki inanukia vizuri. Alimsindikiza rafiki yake mlangoni, akamtazama akiteremka kwenye theluji huku akiwa na mabega mepesi ya mtu aliyetenda jema, na akafunga mlango.

Ndipo akabaki amesimama.

Kila mwaka, kwenye karamu ya Thorri, kamati huchukua aibu zote za mwaka mzima na kuziigiza jukwaani mbele ya kijiji. Aliyegongesha trekta kwenye kanisa huigizwa. Aliyemtumia mchungaji ujumbe wa mapenzi aliokusudia kumtumia mkewe huigizwa. Steinar alipopimwa tezi dume akazimia kabla daktari hajavaa glavu, aliigizwa kwa dakika nzima, naye akiwa meza ya mbele akilia kwa kicheko na kuwasahihisha waigizaji. Watu hununua nguo mpya kwa ajili ya kuchambwa. Anayenuna hujulikana, na mwakani huchambwa kwa kununa. Wanaoachwa ni wachache: wageni waliohamia juzi, watoto wachanga, na marehemu.

Drífa hakuwa mgeni. Hakuwa mtoto mchanga.

Kitu fulani kilimpanda. Hakukitambua mara moja, kwa sababu walikuwa hawajaonana siku nyingi. Ilikuwa hasira. Ilikuwa ya moto na safi. Akakata keki kwa mkono, akaila kwa kusimama, akakata tena.

"Mmenizika," akaiambia ile keki. "Mmenizika, na hamkunialika."

*

Mazoezi yalikuwa ukumbini, Alhamisi. Drífa alipita kwenye theluji ya magotini kwa makusudi, maana njia iliyosafishwa ilikuwa na watu, na watu wangemuuliza hali. Alipofungua mlango, Hjalti alikuwa jukwaani amevaa wigi la rangi ya dhahabu na gauni la maua, ndevu zake zikiwa nje zote. Ndiye aliyeigiza wanawake kila mwaka. Kijiji kilikubaliana kwamba hakuna mwanamke aliyekuwa na makalio ya kumshinda.

Wote walimgeukia. Macho yale yale ya upole ya kwenye chungu.

"Endeleeni," Drífa akasema. "Huyo ni nani?"

"Mke wa mwenyekiti wa halmashauri," Hjalti akajibu. "Siku alipofungiwa kwenye friji ya samaki."

"Na mimi nani ananiigiza?"

Oddný alishuka jukwaani. "Drífa, tulishaongea."

"Wewe uliongea. Mimi nilisema keki inanukia. Leo nimekuja kusema: nirudisheni."

"Shoga, ule ulikuwa ugonjwa. Hatuchezei ugonjwa wa mtu."

"Tezi ya Steinar ilikuwa nini? Pambo?"

Mtu mmoja nyuma ya pazia alikohoa kukiziba kicheko. Oddný aligeuka akamkata jicho.

"Steinar mwenyewe aliomba," akasema.

"Na mimi naomba. Nimesimama hapa na theluji imejaa kwenye soksi, naomba. Wazee walinuka mpaka kondoo wakahama. Mchungaji akahubiri huku ameshika pumzi. Watu wazima wenye kamba na machela wakavunja dirisha langu kuja kuambiwa wavue viatu. Oddný, hebu niangalie. Lingekuwa la mtu mwingine, mngeliacha?"

Ilikuwa wazi kwamba lisingeachwa. Ilikuwa wazi pia, kwa jinsi Oddný alivyokuwa akiuma mdomo, kwamba alishaliandika lote kichwani tangu mwaka jana na lilimuuma kulitupa.

Hjalti ndiye aliyesema. Alikuwa amelivua wigi, amelishika kwa mikono miwili kama kofia ya kanisani.

"Mimi siwezi," akasema. "Samahani, Drífa. Wao wanajua mwisho wake, mimi niliingia mwanzo wake. Nilipokuwa nagonga kile kioo nilijua naenda kuokota maiti. Nilishapanga maneno ya kumwambia Oddný. Ulipofumbua jicho, nilitoka nje nikakaa kwenye theluji. Sioni pa kuchekea."

Drífa hakuwa akijua hilo. Alikumbuka mabuti tu; hakuwa amewahi kuinua macho kutoka kwenye mabuti hadi kwenye uso. Kwa kitambo alitaka kuomba radhi, kurudi nyumbani, na kuwaacha wote na adabu yao.

Lakini angerudi kwenye nini? Kwenye maji mazuri sana, asante sana. Kwenye keki.

"Hjalti," akasema. "Pole. Kweli, pole sana. Lakini hukuokota maiti. Mwaka mzima sasa mnanibeba kama vile mliokota. Nikiingia dukani, watu wanashusha sauti. Steinar ananishukuru. Unajua inavyotisha, Steinar akikushukuru? Februari inakuja tena, hilo silipingi, naisikia mifupani. Ikinikuta nimekaa peke yangu kwenye kiti cha mgonjwa, itanila. Nataka inikute nimekaa na ninyi, nikisemwa kama mtu."

Hjalti alilizungusha wigi mikononi.

"Nitakuigizaje na mimi nalia?" akauliza.

"Huniigizi wewe. Najiigiza mwenyewe. Wewe utakuwa Hjalti."

"Sijawahi kuigiza mwanamume."

"Utajaribu," Drífa akasema. "Ikikushinda, vaa gauni ndani."

Hapo nyuma ya pazia kikapasuka kicheko, na hata Oddný akauficha uso wake kwenye karatasi.

*

Hasira ni kuni nzuri lakini haikai usiku kucha. Ilimpeleka Drífa kwenye mazoezi mara mbili. Kisha ikaja dhoruba kutoka kaskazini, ikafunga barabara na anga, na ilipoondoka iliondoka na hasira yake. Aliendelea kukaa mbele ya taa ya daktari. Alimeza vidonge na mafuta ya samaki. Alitembea mpaka kwenye sanduku la barua, akaligusa, akarudi. Nyota ya karatasi yenye taa aliyoitundika dirishani tangu kabla ya Krismasi hakuitoa. Jirani yake alimwambia kwa upole kwamba sikukuu zimekwisha, naye akajibu kwamba anajua, ndiyo maana ameiacha. Vilikuwa vita vidogo vidogo kila saa, na vingi alivishinda.

Siku ya karamu alishindwa kimoja. Alifungua bwawa asubuhi, akalifunga mchana, akarudi nyumbani kuoga na kuvaa. Alikaa kitandani avue soksi. Akalala kidogo tu. Alipotazama saa, watu walikuwa wamebakiza muda mfupi waanze kuingia ukumbini, na mwili wake haukuwa wake. Aliuambia mguu ushuke. Mguu ulimsikia, ukakaa.

Gauni la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa kabati. Alilitazama. Akaona kitakachofuata kama kinavyosomwa redioni: Oddný atasema "tulijua, maskini." Kiti kitaachwa wazi, mtu atakifunika kwa koti ili kisionekane. Kesho kutakuwa na keki mbili. Na hakuna mtu, maisha yake yote, atakayemwambia tena kwamba anamvundika.

Simu ilikuwa juu ya blanketi. Mkono ulikubali.

"Hjalti. Siwezi kuamka."

Nyuma ya Hjalti zilisikika sahani na watu. Kisha ile sauti, laini kama pamba ya hospitali. "Basi usijali, Drífa. Pumzika. Kila mtu ataelewa."

"Sitaki waelewe. Nimesema siji?"

"Umesema huwezi kuamka."

"Ndiyo. Wewe una kikosi, una machela, una gari. Mmeshavaa ovaroli au bado?"

"Tumevaa, ni kwa ajili ya mchezo."

"Njooni mnichukue. Na godoro."

Drífa alisikia sauti ya ajabu, kama injini inayojaribu kuwaka kwenye baridi, na akatambua kwamba mtu yule mkubwa anajizuia kucheka.

"Mlango uko wazi," Drífa akasema. "Mkivunja dirisha, mnalipa."

Walikuja na taa ya gari ikizunguka. Aliwasikia barazani wakisukumana, wakinong'onezana nani ameleta viatu vigumu kuvua. Wakaingia chumbani wamejipanga, watu wazima waliovaa ovaroli nyekundu na soksi za sufu, mmoja akiwa na tundu linaloonyesha kidole gumba. Hjalti alisimama pale pale aliposimama mwaka jana. Safari hii Drífa aliinua macho hadi usoni.

"Zulia limepona," Hjalti akasema.

"Nawaona mmekua. Ninyanyueni."

Walimfunga na godoro lake juu ya machela, blanketi mpaka kidevuni, gauni la kijani likiwa limelazwa juu yake kama bendera. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu, na ilimtua usoni. Ilikuwa baridi sana. Mtu alitaka kumfunika, akakataa.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye kuta. Juu ya meza ndefu kulikuwa na mabakuli ya mbao yaliyosheheni vichwa vya kondoo vilivyobabuliwa, korodani za kondoo dume zilizochachushwa, na vipande vya papa aliyevundikwa, ambaye harufu yake ilikuwa imeshaingia kwenye nywele za kila mtu. Watu walikuwa wamemcheka mwenyekiti wa halmashauri na mkewe wa kwenye friji. Walikuwa wamemcheka Steinar na kondoo wake waliomkimbia, bila kuambiwa kwa nini hakuoga. Nyuso zilikuwa nyekundu.

Pazia likafunguka, kikosi kikaingia na machela, kikaweka godoro katikati ya jukwaa. Juu ya godoro alikuwapo Drífa mwenyewe.

Kicheko kilikatika kama taa.

Drífa alilala akitazama dari. Alisikia kiti kikisogezwa, kijiko kikiwekwa chini polepole. Hjalti alikuwa amesimama juu yake na tochi. Alikuwa amesahau neno lake la kwanza. Oddný, pembeni, alishika pazia akiwa tayari kulifunga. Ukimya ulikuwa wa huruma, na ulimkalia Drífa kifuani kama Februari yote. Alijua kwamba ukikaa pumzi mbili tatu zaidi hautatoka tena kijijini humo.

Aligeuza kichwa kwenye mto. Akautazama ukumbi kwa jicho moja.

"Mbona kimya?" akauliza. "Kuna aliyekufa?"

Kisha, kutoka meza ya mbele, ikaja ile sauti ya kuita mifugo mlimani.

"Hakuna," Steinar akasema. "Ila maji ya leo asubuhi yalikuwa baridi, yalikaribia kutuua."

"Maji hayakuwa baridi, mzee. Ni wewe umeanza kupoa."

Kwanza alicheka mchungaji, kwa puani, bila kukusudia. Kisha meza ya nyuma. Kisha ukumbi ukaachia, na haukuwa ule mcheko wa kuazima. Ulikuwa mcheko mbaya, wa tumboni, wa watu waliolibana jambo mwaka mzima. Watu walipiga meza mpaka korodani zikaruka kwenye mabakuli. Hjalti naye akalikumbuka neno lake, akapiga hatua kuelekea godoroni na mabuti makubwa ya mchezo yaliyotiwa unga wa ngano badala ya theluji, na kabla Drífa hajafungua kinywa, ukumbi wote, wazee kwa watoto, ukamfokea kwa sauti moja:

"Vueni viatu!"

Walikuwa wakiyajua maneno yale. Mwaka mzima walikuwa wakiyajua.

Hjalti alikaa chini jukwaani, akavua buti moja, akavua la pili, huku machozi yakiteremka kwenye ndevu, na hakuna aliyejua ni ya nini, hata yeye.

Mchezo ulipokwisha, Drífa hakuinuka. Wengine walitarajia ainuke, kwa kuwa ingependeza. Mwili bado ulikuwa umegoma. Basi wakalisukuma godoro karibu na meza ya mbele, na Steinar akamletea korodani kwenye uma, akamwambia ale, inaongeza aibu. Akaila. Ilikuwa chachu na baridi na ilimkunja uso. Oddný akaja akakaa pembeni ya godoro na gauni lake zuri.

"Mwakani," akasema, "nitakuandika kwa kuja kwenye karamu na kitanda."

"Usiponiandika nakuja na kabati."

Muziki ulipoanza, watu walicheza kulizunguka godoro. Wapo waliojikwaa juu yake na kumtukana, naye akawatukana. Wakati fulani, hakujua ni upi, alijikuta ameketi.

*

Jumatatu Februari ilikuwa imeshaingia. Giza lilikuwa lile lile, na sweta la sufu lilikuwa pale pale chini ya ngozi. Drífa alikaa mbele ya taa ya daktari, akameza alichopaswa kumeza, akautazama mguu wake. Akauambia kwamba kuna mzee mmoja anangoja kulalamika. Mguu ulishuka, kwa kununa.

Alifungua bwawa kwa kuchelewa. Wazee walikuwa wamesimama mlangoni wakirukaruka na taulo zao, na walimzomea. Waliingia kwenye chungu mmoja mmoja wakiguna, mvuke ukapanda, naye akaja na chupa ya kahawa.

Steinar alizamisha bega, akalitoa, akamtazama kwa chuki.

"We Drífa," akasema. "Leo unatupika au unatuvundika?"

"Leo ninawaosha," Drífa akasema. "Mnanuka papa tangu Jumamosi."

Akaweka kahawa ukingoni, akaenda kufungulia bomba la maji moto. Alilifungulia zaidi kidogo ya inavyotakiwa, akasimama kungoja makelele.